Siku nzima na motahomu Great Ocean Road: maswali mnayoniuliza kila mara

Tangu niposti zile picha za Australia simu haipumziki, huyu anauliza tulilala wapi, yule anauliza motahomu, gari kubwa vile lenye kitanda, jiko na choo ndani, linapitaje kwenye zile kona, mwingine anataka kujua choo kinamwagwa wapi. Nimeyakusanya yote hapa. Hiyo barabara nimeipita mara mbili, mara ya kwanza tuliikimbiza mpaka hatukuona kitu, mara ya pili tulienda taratibu, na ndio maana kuna majibu yamekuwa marefu kuliko mengine, nivumilieni.

Kwanza Great Ocean Road ndio wapi?

Ni barabara ya pwani, kusini mwa jimbo la Victoria. Inaanzia Torquay, mji ulio kama kilomita 100 hivi kutoka Melbourne, na inaishia Allansford karibu na Warrnambool. Yote kwa yote ni kilomita 243. Kuna vipande barabara imechongwa kabisa kwenye ubavu wa mlima, mwamba huku bahari kule, halafu kuna kipande kirefu cha katikati ambacho bahari huioni kabisa, uko ndani ya msitu (watu wengi hicho hawakitegemei, wanadhani wamepotea). Nchi ile ina wenyewe wa tangu zamani, upande wa Torquay ni ardhi ya Wawadawurrung, na ukisogea magharibi ni Eastern Maar, utaona vibao vyao njiani na visomeni, vina mambo.

Ni kweli ilijengwa na wanajeshi?

Kweli kabisa, na mi nadhani ukishajua hiyo habari huiendeshi tena kama barabara nyingine. Ilijengwa na wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, kama watu 3,000, kuanzia 1919 mpaka 1932, na waliijenga iwe kumbukumbu ya wenzao waliokufa vitani. Kazi ilikuwa ya sururu, koleo, baruti na toroli, hakukuwa na katapila. Walilala kwenye mahema hukohuko porini. Pale Eastern View, kabla hujafika Lorne, kuna lango la mbao juu ya barabara na pembeni yake sanamu ya wanajeshi wawili wakiwa kazini. Lango lile liliungua kwenye moto mkubwa wa Februari 1983 likajengwa upya. Simama pale, pakingi ipo, ila angalia sana unapovuka barabara kwenda kupiga picha maana magari yanapita.

Halafu kuna kisa cha mwaka 1924, meli inaitwa Casino ilikwama karibu na Cape Patton, ili iwe nyepesi ikabidi watupe baharini mapipa 500 ya bia na kreti 120 za pombe kali, mzigo ukaletwa ufukweni na mawimbi na kazi ya barabara ikasimama wiki mbili. Nikipita pale Cape Patton nawakumbuka wale jamaa na sioni kosa lao, kwa kazi ile walistahili.

Mwanzoni watu walilipia kupita, ada ikafutwa 1936. Leo hulipi kitu.

Siku moja inatosha?

Inatosha kama hiyo siku hairudi ulikotoka. Naomba hapa mnielewe vizuri maana ndio jambo ninalotaka kulisema kuliko yote.

Watu wanatoka Melbourne alfajiri, wanakimbiza mpaka Twelve Apostles (yaani Mitume Kumi na Wawili, zile nguzo za mawe baharini), wanapiga picha, usiku wanarudi Melbourne. Sisi mara ya kwanza tulifanya hivyohivyo. Tulifika kwenye Mitume saa tisa mchana pamoja na mabasi yote ya watalii, jua kali, kwenye kizuizi cha kutazamia unasubiri mtu atoke ndio uweke mkono, tukakaa kama dakika ishirini tukaanza safari ya kurudi gizani tumechoka hakuna aliyeongea na mwenzake. Sasa basi la watalii lazima lirudi, halina jinsi, lakini wewe umekodi gari lenye kitanda, jiko na choo, unarudi kufanya nini? Faida ya motahomu ni kwamba jioni ikifika wenzio wanaondoka na wewe unabaki. Kwa hiyo siku moja ni ya kwenda tu, upande mmoja, Torquay mpaka Port Campbell, unalala hapo, asubuhi unaiona pwani ikiwa tupu. Ukipata siku mbili au tatu ni bora zaidi, lakini hata hiyo moja ukiipanga hivi utarudi nyumbani umeiona.

Nianzie Torquay au nianzie Warrnambool?

Torquay, bila kufikiria mara mbili. Australia wanaendesha kushoto, na ukienda kuelekea magharibi bahari inakuwa mkono wako wa kushoto njia nzima. Maana yake vituo vingi vya kutazamia viko upande wako, unaingia na kutoka bila kukata njia ya wanaokuja mbele, na kwa gari la mita saba hiyo si jambo dogo. Asubuhi jua linakuwa upande wa bahari na nyuma yako. Ubaya wake ni mmoja, jioni unaendesha ukiangalia jua, miwani iwe karibu na kioo cha mbele ukifute vizuri mapema kwa sababu chumvi ya bahari inaganda kwenye kioo na jua likipiga pale huoni kitu.

Na abiria wa mbele kushoto ndiye anakaa upande wa genge, kama mwenzio ana hofu ya kimo mwambie mapema.

Leseni yangu itakubalika?

Kama imeandikwa kwa Kiingereza na iko hai, mgeni wa matembezi anaitumia. Kama sio ya Kiingereza uwe na tafsiri yake rasmi au leseni ya kimataifa, pamoja na ile yenyewe. Motahomu nyingi za kukodi zina uzito usiozidi tani 4.5 kwa hiyo leseni ya gari dogo inatosha. Masharti ya umri yanawekwa na anayekodisha, muulize yeye.

Sijawahi kuendesha gari kubwa, nitaweza hizo kona?

Utaweza, ila usiende moja kwa moja kwenye kona. Zunguka nalo kwanza mahali pa wazi, funga breki mara kadhaa, rudi rivasi, ulione tako lake linavyotoka nje ukikata kona. Motahomu nyingi zina sehemu ndefu nyuma ya tairi za nyuma, ukikata kulia ghafla ukitoka pembeni ya ukuta ule mkia unaenda kushoto na kugonga ukuta wakati wewe macho yako mbele. Hiyo ndio ajali ya kijinga inayowapata wengi, kwenye pakingi, sio barabarani.

Barabarani kwenyewe, kabla ya kona kuna kibao cha njano chenye namba, mfano 35 au 45, ile ndio spidi wanayokushauri. Wenyeji na magari yao madogo wanaipita kidogo, wewe iheshimu na ukiweza shuka chini yake. Punguza spidi kabla ya kona, sio katikati. Kwenye miteremko shusha gia injini ikushikilie, ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto na ukizihitaji hazipo. Jitahidi ukae katikati ya njia yako maana kuna vipande kutoka Lorne kwenda Apollo Bay ukisogea kushoto sana kioo cha pembeni kinakaribia mwamba au ukingo wa chuma, ukisogea kulia kuna basi linakuja. Upepo nao, gari ni refu kwenda juu kama sanduku, ukitoka nyuma ya kilima upepo wa bahari unalisukuma ghafla, shika usukani kwa mikono miwili.

Na kabla ya kuwasha gari zunguka ndani. Sisi kona za kabla ya Lorne tulisikia kishindo nyuma, kumbe mlango wa friji haukubanwa mpaka mwisho, kona ya kushoto ikaufungua na kona ya kulia ikamwaga kila kitu, maziwa lita mbili, mayai trei nzima, kitunguu kimoja kikaja kikitambaa mpaka kwenye miguu yangu karibu na pedeli. Hapo ndipo niliogopa. Maziwa unafuta, lakini kitunguu kikiingia chini ya breki kwenye mteremko ni habari nyingine kabisa. Tukasimama sehemu ya kwanza iliyopatikana tukafuta nusu saa, na tangu siku hiyo tulikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuvuta kila mlango wa kabati na droo kwa mkono, kufunga gesi, kufunga dirisha la darini, kuangalia waya wa umeme umeshachomolewa, ndipo anasema twende. Mpeni mtu mmoja hiyo kazi msigawane, mkigawana kila mmoja atadhani mwenzie keshaangalia.

Nikiona foleni nyuma yangu?

Pisha. Kuna sehemu zimetengwa zenye vibao vya magari ya mwendo mdogo kujiweka pembeni, ingia, waache wapite, endelea. Wewe uko likizo, kuna mtu nyuma yako anawahi kazini Lorne. Hata yakiwa magari mawili tu nyuma, pisha. Na ukishapisha utaendesha umetulia bila mtu kukusukuma.

Nipe basi ratiba yenyewe ya siku.

Sawa, hii ndio tuliyoifuata mara ya pili, msiibane kwa dakika.

Saa moja asubuhi tuko Torquay tayari, tulilala hapo. Kama dakika kumi hivi unaingia Bells Beach, hapo ndipo panapofanyika yale mashindano makubwa ya kuteleza juu ya mawimbi kila Pasaka, yameanza tangu 1962. Hata kusipokuwa na mashindano asubuhi utakuta watu wamevaa nguo za mpira wanasubiri wimbi kwenye maji ya baridi. Robo saa inatosha. Ukipita Anglesea unafika Aireys Inlet, pale kuna mnara wa taa wa Split Point, mweupe kofia nyekundu, umewashwa mara ya kwanza 1891, gari acha chini utembee maana vijia vyake ni vya mtaani. Halafu lile lango.

Lorne saa tatu, chai. Chai yenu wenyewe, mnapaki mnatazama bahari mnachemsha maji ndani ya gari, hakuna mgahawa unaofanana na hilo. Kutoka hapo mpaka Apollo Bay ni kilomita kama 45 na ndio kipande kizuri kuliko vyote kwa macho ya dereva, kona baada ya kona, kwa hiyo dereva asimame mara nyingi naye aone, sio abiria tu. Sisi tulisimama mara sita. Mkipita Wye River mtaona nyumba nyingi mpya zimeshikilia mlima, siku ya Krismasi 2015 moto uliteketeza nyumba 116 pale na kijiji cha jirani cha Separation Creek. Watu wamerudi wamejenga. Kennett River ni ya koala, yule mnyama wa manyoya anayelala mitini, nimejibu chini.

Apollo Bay saa sita, kula na kujaza mafuta, lazima mafuta.

Baada ya hapo barabara inaiacha bahari inaingia msitu wa Otway. Kama kilomita 17 mbele kuna Maits Rest, kijia cha kutembea kwa miguu kwenye msitu wa mvua, miferni mirefu kuliko mtu, miti ya zamani imevaa ukungu wa kijani, na baridi yake ni ya ghafla chukueni sweta. Ni matembezi ya nusu saa tu. Ukiwa na muda kuna njia ya kushoto kwenda mnara wa Cape Otway, wa mwaka 1848, kama kilomita 12 kutoka barabara kuu, kuingia kwenye mnara ni kwa tiketi. Kwa siku moja mi nasema chagua, Cape Otway au Loch Ard (korongo lenye ufukwe, nimelieleza chini) bila haraka, ukitaka vyote viwili kimoja utakiharibu. Sisi tuliacha Cape Otway.

Saa tisa na nusu tukatokea tena baharini upande wa Princetown, na hapo pwani imebadilika, sio milima tena, ni nchi tambarare iliyokatwa wima kama mkate, chini ndio bahari. Tukapita Mitume bila kusimama! Wenzangu walinilaumu, lakini pakingi ilikuwa imejaa mabasi na tulikuwa na mpango. Tukaenda Loch Ard Gorge, tukakaa saa nzima na zaidi, saa kumi na mbili kasoro tuko kambini Port Campbell kabla giza halijaingia.

Mitume mkaiona saa ngapi sasa?

Asubuhi yake. Kambini mpaka Mitume ni kama kilomita 12. Tuliamka kukiwa kweusi, tukasubiri pambazuke kwanza kwa sababu ya kangaruu na wallabi (kama kangaruu wadogo) barabarani, tukaenda polepole. Pakingi ile ya jana iliyojaa mabasi ilikuwa na magari matatu.

Unatembea, unapita chini ya barabara kwa njia ya handaki, unatokea kwenye majani mafupi yanayopigwa na upepo, halafu ardhi inaisha. Nguzo za mawe zilikuwa za kijivu, zimesimama majini kila moja peke yake, na chini mawimbi yanafika taratibu kuliko unavyodhani, unaona wimbi linapiga kwanza halafu sauti ndio inakufuata. Tulikuwa na thamosi. Jua lilipopanda likagusa vichwa tu vya nguzo, vikawa rangi ya asali, ile rangi ikashuka chini pole pole, kama dakika kumi na tano hivi, mpaka ikafika kwenye maji. Bibi mmoja pembeni yetu alikuwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia, naye gari lake ni motahomu, akatabasamu tu hakusema kitu.

Ukipenda jioni nayo ni nzuri, na giza likianza kuingia kuna pengwini wadogo wenye kimo kama cha sentimita 30 wanapanda ufukweni chini, unawaangalia kutoka juu. Ila baada ya hapo utaendesha gizani, na mikataba mingine ya kukodi inakataza, isome.

Ni nguzo kumi na mbili kweli?

Hapana, na wala hazijawahi kufika 12. Zamani paliitwa jina lingine kabisa la nguruwe na vitoto vyake, hili la Mitume lilikuja baadaye na likakubalika. Ni mwamba wa chokaa, laini, bahari inachimba mapango kwenye genge, mapango yakikutana linakuwa tao, tao likianguka inabaki nguzo, na nguzo nayo siku moja inaanguka. Tarehe 3 Julai 2005 moja iliporomoka asubuhi watu wakiwepo, iliyokuwa na urefu wa kama mita 50 ikabaki kifusi. Na upande wa magharibi wa Port Campbell kulikuwa na mwamba wenye matao mawili unaitwa London Bridge, tarehe 15 Januari 1990 tao la upande wa nchi kavu likaanguka, watu wawili walikuwa wamevuka wakabaki ng'ambo juu ya mwamba katikati ya bahari mpaka helikopta ikaja kuwachukua. Hawakuumia. Kwa hiyo ukiona kamba au kibao cha kukuzuia kwenye ukingo, kile kibao kina sababu, chini yako panaweza kuwa pamelika huoni.

Loch Ard kuna nini cha kukaa saa nzima?

Kuna ufukwe mdogo uliofichwa kati ya kuta mbili za mwamba, unashuka kwa ngazi, ukifika chini upepo unakatika na sauti inabadilika. Lakini zaidi ni habari yake. Tarehe 1 Juni 1878 meli ya Loch Ard, ikitoka Uingereza kwenda Melbourne na ikiwa imebakiza safari kidogo tu, iligonga mwamba hapo nje kwenye kisiwa cha Mutton Bird. Ilikuwa na watu 54. Walipona wawili, Tom Pearce kijana mwanafunzi wa ubaharia, na Eva Carmichael, binti aliyekuwa akihamia na familia yake. Tom alishafika nchi kavu ndipo akasikia mtu analia majini, akarudi kuogelea akamvuta mpaka ufukweni, akamweka kwenye pango, halafu akapanda ule ukuta kutafuta msaada. Eva alipoteza wazazi na ndugu zake usiku uleule. Juu kuna makaburi, ni matembezi mafupi tu, watu wengi hawaendi. Nendeni.

Naweza kulala pakingi au kando ya barabara?

Hairuhusiwi, na wanapita kukagua na kutoza faini. Vituo vya kutazamia ni vya mchana. Lala kwenye kambi za magari, ziko Torquay, Anglesea, Lorne, Apollo Bay, Port Campbell na kwingine. Mwezi wa 12 na wa kwanza, na Pasaka, zinajaa kabisa, buku mapema sana. Miezi ya baridi mara nyingi unapata hata kwa kupiga simu asubuhi ya siku hiyohiyo.

Choo na maji machafu vinaendaje?

Swali la kila mtu. Chini ya choo kuna kaseti, ni tanki dogo la plastiki kama lita 20 kasoro, linatolewa kwa mlango wa nje. Kambini kuna sehemu maalumu ya kumwaga, unavaa glavu, unamwaga taratibu, kuna kitufe cha kuingiza hewa kibonyeze wakati unamwaga la sivyo inatapika na kukurushia, unasuuza mara mbili, unaweka dawa na maji kidogo, unarudisha. Dakika tano. Watu wawili kaseti inakaa siku mbili hivi, lakini mi namwaga kila asubuhi nikipata nafasi, tanki lililojaa kwenye kona zile sitaki hata kulifikiria. Maji ya sinki na bafu yana tanki lake na mpira wake, nayo yanamwagwa hapohapo kambini. Usimwage njiani hata maji ya vyombo, yanashuka moja kwa moja baharini.

Umeme na friji?

Ukiwa unaendesha friji inakula umeme wa gari, kambini unachomeka, nje ya hapo aina nyingi zinatumia gesi. Waya wa kambini ni wa ampea 15, plagi yake ina pini moja pana kuliko ya kawaida, kwa hiyo haiingii kwenye soketi ya nyumbani, hakikisha umepewa kwenye gari kabla hujaondoka. Gesi funga kwenye mtungi kila unapoanza safari.

Watoto wanaweza kulala kitandani gari likienda?

Hapana. Kila mtu kwenye kiti chenye mkanda, na wadogo kwenye viti vyao vya watoto. Hata kwenda kuchukua maji kwenye friji ni mpaka usimame.

Koala tutawaona?

Kennett River uwezekano ni mkubwa. Paki chini karibu na duka, tembea kupanda barabara ya vumbi ya Grey River, angalia kwenye maungio ya matawi, sio kwenye majani. Unatafuta kitu kama mfuko wa kijivu uliosahaulika mtini. Wanalala karibu saa 20 kwa siku kwa hiyo usisubiri afanye kitu. Wa kwetu alifungua jicho moja, akajikuna ubavu kwa kucha ndefu, akarudi kulala. Msiwaguse, msiwaite kwa kelele, na wale kasuku wa pale msiwape chakula hata wakitua begani, wanaugua.

Kuogelea?

Pale tu penye bendera nyekundu na njano, katikati yake, na waokoaji wakiwepo. Mikondo ya pwani hii inavuta mtu nje kwa sekunde. Ukisimama Port Campbell ukatazama kusini mbele yako ni maji matupu mpaka Antaktika, hayo mawimbi hayajakutana na kitu njiani. Ufukwe wa chini ya ngazi za Gibson, ngazi 86, ni wa kutembea sio wa kuogelea, na ukute ziko wazi maana mawe yakianguka huzifunga.

Mwezi gani mzuri?

Kumbuka majira yao, Desemba ndio kiangazi. Desemba jua linazama karibu saa tatu kasorobo usiku, una siku ndefu lakini watu ni wengi. Juni linazama saa kumi na moja na robo hivi, ratiba yangu ya juu haitoshi lazima uikate, ila nyangumi wanakuja karibu na pwani ya Warrnambool kuanzia Juni mpaka Septemba. Mi napenda Machi, maji bado hayajapoa sana, shule zimefunguliwa, upepo umetulia.

Kiangazi kuna hatari ya moto. Weka programu ya VicEmergency kwenye simu na uisome kila asubuhi, siku ya Total Fire Ban usiwashe chochote nje, na siku zilizotangazwa hatari ya juu kabisa usiingie msitu wa Otway, badilisha safari. Barabara za kutoka ni chache. Dharura ni 000.

Mtandao je?

Mijini upo, msituni unapotea kabisa. Pakua ramani kabla.

Droni?

Kwenye hifadhi hairuhusiwi bila kibali, na Mitume ni hifadhi. Iache.

Kurudi Melbourne tupite wapi?

Msirudi na pwani mkiwa mmechoka. Kutoka Port Campbell kata ndani kwenda Colac ushike Princes Highway, ni barabara pana ya mashamba na ng'ombe, mwendo wa saa tatu hivi uko mjini. Kama gari linarudishwa siku hiyohiyo acha muda wa kujaza mafuta, kumwaga kaseti mara ya mwisho na kufagia mchanga, na mchanga wenyewe utaukuta hata ndani ya mito.